Hakuna Aliyewahi Kushiba Matundu

Mhashamu Baba Askofu, baba yetu sote na mwajiri wangu mimi, angalau mpaka nitakapomaliza kusema. Abuna Arsanios, kasisi wa kanisa letu, uliyeisoma hotuba hii mara mbili na kuifutia vichekesho vitatu. Waheshimiwa wazee wa baraza la kanisa. Daktari Nagwa wa zahanati. Mashemasi na waimbaji. Mama zetu mlioshinda jikoni tangu jana. Wana wa Kom Ghali wote mlioketi na mliosimama. Na wewe, Ami Bakhum, uliyekalishwa kiti cha mbele kwa kushikwa mikono miwili, maana miaka yote mahali pako ni mlangoni: Kristo amefufuka!

Asanteni. Mmeitikia kwa nguvu kuliko nilivyosalimu.

Kwa wageni wasionifahamu, mimi ni Karas, karani mdogo wa ofisi ya dayosisi, mzaliwa wa kijiji hiki. Kazi yangu ni kuandika barua za watu wengine. Sijawahi kusimama mbele ya watu zaidi ya wanne, na hao wanne walikuwa wamekuja kulalamika. Lakini tuendelee.

Abuna Arsanios aliniambia, "Karas, utamuaga Ami Bakhum. Lakini usituletee sifa tupu. Baba Askofu atakuwepo, kwa hiyo weka na fundisho." Nikamuuliza, fundisho gani, Abuna? Akasema, "Nafasi ya sheria katika imani na wokovu." Nikamwambia, Abuna, jambo hilo mababa wa Kanisa walibishana juu yake mpaka ndevu zikawa nyeupe. Akanijibu, "Wewe huna ndevu. Dakika kumi zitakutosha."

Hotuba hii ina kurasa nne. Abuna amesoma tatu. Huo wa nne niliuandika baadaye, na napenda niseme mapema, mbele ya mashahidi, kwamba nikishausoma huenda nisiwe na kiti ofisini kesho. Nisipousoma, Ami Bakhum atapoteza kitu kikubwa kuliko kiti. Kwa hiyo nitausoma. Lakini kwanza hizi tatu, maana zimepitishwa.

Ndugu zangu, nani hapa hamjui Bakhum Girgis? Miaka thelathini na minane ameoka mkate wa sadaka katika kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu, tunachokiita Bethlehemu kwa sababu maana yake ni nyumba ya mkate. Miaka thelathini na minane ameamka kabla ya jogoo, akakanda unga na chachu bila chumvi huku akiimba zaburi, akaugonga kila mkate kwa chapa ya mti yenye msalaba mkubwa na misalaba midogo kumi na miwili, kisha akautoboa matundu matano, mawili kushoto na matatu kulia. Siku moja shemasi mgeni alimsaidia akatoboa matundu sita. Ami Bakhum aliutazama mkate ule kama mtu anayetazama ndama mwenye vichwa viwili. Akamuuliza, "Mwanangu, Bwana wetu alipata majeraha mangapi?" Shemasi akasema matano. "Sasa hili la sita umemchoma wewe?"

Huyo ndiye Ami Bakhum. Na kama angeishia kulinda mkate, tungemwita mwoka mkate na basi. Lakini yeye alilinda na midomo ya walaji.

Hakuna aliyemtuma. Abuna, nakuomba unisahihishe kama kuna aliyemtuma. Naam, Abuna anatikisa kichwa. Hakuna aliyemtuma! Alisimama tu mwenyewe pale watu wanapopanga mstari wa Komunyo, mikono nyuma, na kunusa. Sheria yetu mnaijua: anayekwenda kupokea asile, asinywe hata maji tangu usiku wa kuamkia. Mhandisi Labib, upo? Hebu nyanyua mkono. Mhandisi Labib alipita pale Jumapili moja ametulia kama malaika, na Ami Bakhum akamshika bega.

"Mhandisi, habari za asubuhi."

"Nzuri, Ami."

"Hicho kitunguu nacho kimekuja kupokea, au kimekusindikiza tu?"

Mhandisi alirudi kukaa. Mpaka leo haweki kitunguu kwenye ful yake ya maharage, hata siku ya Jumanne.

Na Bi Galila, mama yetu, ambaye naona ameshaanza kucheka kabla sijafika kwake. Bi Galila alisukutua kinywa asubuhi, akamwambia shoga yake kisimani, na kisimani kwetu hakuna siri. Kufika kanisani, Ami Bakhum huyu hapa.

"Galila, umemeza?"

"Tone, Bakhum. Tone moja."

"Tone ni maji."

"Na mate je? Nimemeza mate tangu alfajiri. Niyateme wapi, kwenye viatu vyako?"

"Mate ni yako, Mungu alikupa. Maji umeyaongeza wewe."

Bi Galila akarudi kukaa, akainua macho juu na kusema kwa sauti iliyofika mpaka kwa waimbaji, "Ee Bwana, siku moja na mimi nimuulize huyu, umemeza?" Yashikeni hayo maombi, ndugu zangu. Bwana aliyasikia.

Siku mbaya kuliko zote kwa Ami Bakhum zilikuwa hizi hizi tulizomo, siku hamsini baada ya Pasaka, wakati ambapo Kanisa halifungi hata Jumatano na Ijumaa. Sisi wengine tunanenepa. Yeye alizunguka uani kama polisi aliyepewa likizo.

Sasa lile fundisho. Ni nini nafasi ya sheria? Siku moja nilimuuliza Ami Bakhum kwa nini mkate unatobolewa. Nilitegemea atanijibu habari ya majeraha matano, ambayo nilikuwa naijua. Akasema, "Hiyo ndiyo maana yake. Lakini pia kuna sababu ya tanuri. Mkate usiotobolewa hushika mvuke ndani, ukavimba, ukajiona mkubwa, ukapasuka uso wote na msalaba ukapotea." Nikaona hapo pana hekima, nikaiandika. Mtu asiye na sheria huvimba. Kufunga, kusali kwa saa zake, kuungama, yote haya hututoboa ili tusijione wakubwa. Mtume Paulo alipambana na watu waliotaka kuwatwika wageni sheria yote kuanzia kisu cha tohara, na hakuwa anasema sheria ni mbaya. Alikuwa anasema haiokoi. Inakuonyesha ulivyo mchafu, kama kioo, na hakuna mtu anayechukua kioo akajisugua nacho uso.

Hapo ndipo ukurasa wa tatu unapoishia, kwa maneno "Tumtakie Ami Bakhum uzee mwema, Amina." Abuna ameshaanza kuinuka kunipa mkono. Abuna, nakuomba ukae kidogo.

Ukurasa wa nne.

Mhashamu Baba Askofu, Kwaresima ya mwaka jana Ami Bakhum alianguka mbele ya tanuri. Kwa rehema ya Mungu alianguka upande wa beseni la unga. Walipomwinua alikuwa mweupe tangu utosini, na mzee Habib muuza mafuta akapiga magoti akidhani ametokewa na malaika. Daktari Nagwa alimpima, akakuta kisukari, tena cha siku nyingi. Akamwambia mbele yangu, maana mimi ndiye niliyempeleka, "Ami, vidonge hivi na chakula, kila asubuhi, kabla hujashika unga. Ukiendelea kukanda na njaa, safari nyingine utaanguka upande wa moto." Ami Bakhum akamshukuru, akaweka vidonge mfukoni, na kesho yake akakanda na njaa.

Abuna Arsanios alimpa ruhusa katika kitubio. Akaikataa. Alisema, "Abuna, wewe una huruma, na huruma yako haina breki. Mimi nilipopewa chumba hiki niliweka nadhiri mbele ya askofu wa zamani kwamba sitaugusa mkate wa sadaka, kwa mkono wala kwa mdomo, isipokuwa nimefunga. Nadhiri niliiweka kwa askofu. Askofu akinifungua kwa karatasi, nitakula. Bila karatasi, nitafunga mpaka nife, na nikifa mtanikuta na njaa." Kisha akanigeukia mimi. "Karas, wewe si ndiye mwandika barua?"

Baba Askofu, wakati ule wewe ulikuwa mafungoni monasterini, jangwani, majuma mawili bila simu. Nilimuuliza Daktari Nagwa kama majuma mawili yanafaa kungoja. Akaniuliza kama tanuri nalo litangoja.

Nikaandika barua.

Niliiandika kwenye karatasi yenye kichwa cha ofisi yako. Iliandikwa hivi: "Kwa mwana mpendwa Bakhum. Kula kila asubuhi kabla ya kukanda, na ushiriki Meza ya Bwana bila hofu. Neema iwe nawe. Kula." Sikuandika jina lako. Sikuweka sahihi. Nilijiambia, Karas, hujasema uongo hata mmoja, umetoa tu ushauri kwenye karatasi nzuri. Mnaona, ndugu zangu, jinsi mtu anayeogopa sheria anavyojua kupita chini ya meza yake?

Ikabaki mhuri. Barua ya ofisi isiyo na mhuri, Ami Bakhum angeifungia maandazi. Mhuri wako, Baba Askofu, ulikuwa kwenye droo yangu na ufunguo ninao. Nilifungua droo mara tatu. Mara ya tatu niliona kama msalaba ule unanitazama, nikaifunga. Nikasema, kuiba mhuri wa askofu siwezi. Basi, Mungu anisamehe, nikachukua kidau cha wino wa ofisi, nikaenda Bethlehemu wakati Ami Bakhum yuko zahanati, nikaitungua chapa ya mkate kwenye msumari wake, nikaitia wino, nikagonga barua. Msalaba mkubwa, misalaba midogo kumi na miwili, maandishi ya Kikopti pembeni. Ilipendeza kuliko mhuri wa kweli. Chapa nikaifutia suruali yangu, nikairudisha msumarini.

Ndiyo, Bi Galila, nimesema chapa ya mkate. Mwambieni aliye nyuma ambaye hakusikia.

Nilimpa barua siku ya Alhamisi. Hakuwa na miwani. Aliishika karibu na pua, akauona msalaba, akaubusu, akasema, "Amri ni amri." Akala sahani nzima ya ful mbele yangu, na vidonge viwili. Tangu siku ile alikula kila alfajiri kabla ya kukanda, mlango wazi, ili asije akaonekana anakula kwa kujificha. Barua akaitia kwenye fremu ya kioo ndani ya Bethlehemu. Na asubuhi ya kwanza kabisa, nani alipita pale mlangoni na ndoo yake? Hakusema habari za asubuhi. Aliweka ndoo chini na kuuliza, "Bakhum. Umemeza?"

Akajibiwa, "Nimemeza. Kwa amri."

Ndugu zangu, mnaikumbuka Jumapili iliyofuata? Misa ilichelewa dakika arobaini, mara ya kwanza katika miaka thelathini na minane. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mzee Habib alisema tanuri limepasuka. Waimbaji walisema Abuna amelala. Mhandisi Labib alisema ni dalili ya nyakati. Ami Bakhum alipoulizwa alijibu, "Unga ulikuwa mkaidi." Tukaamini, tukasahau.

Jumatatu ya juma hili nilikwenda Bethlehemu kumsaidia kufunga mizigo. Mnajua Jumamosi anakwenda Iskandaria kukaa na bintiye, na kasisi wa kule atataka kuiona barua inayomruhusu kula. Nilikuwa nimekosa usingizi siku tatu. Nikamwambia, "Ami, ile barua ya fremu..."

"Barua ipi? Ile ya mkate?"

Nikakaa kwenye gunia. Yeye aliendelea kukunja mifuko ya unga.

"Ami, ulijua?"

"Karas, chapa ile naigonga tangu hujazaliwa. Msalaba mdogo wa chini umemeguka tangu marehemu mke wangu alipoiangusha chapa. Siku ya kwanza sikuwa na miwani, nilikuwa na njaa. Lakini Jumapili nilikanda, nikagonga, nikaoka, nikafungua tanuri. Mikate kumi na mmoja, mwanangu. Yote ina msalaba wa buluu."

Wino, ndugu zangu. Suruali yangu haikufuta vizuri.

"Nikavaa miwani," akasema, "nikaisoma barua upya. Nikauona ule msalaba uliomeguka. Nikajisemea, ama askofu amepanda ukuta akaniibia chapa yangu, ama kuna karani anayestahili viboko."

"Sasa mbona uliendelea kula?"

Hapo aliacha kukunja. Akasema, na nimeyaandika maneno yake usiku ule ule ili nisiyapotoshe: "Nilikaa hapo hapo ulipokaa. Sheria iliniambia, nenda kamshtaki. Nikawaza, huyu mtoto anamwogopa mpaka paka wa ofisini kwao. Ameogopa, na bado ameniandikia. Tangu mke wangu afe, nani mwingine amejali kama nimekula? Miaka thelathini na minane nawauliza watu wamekula nini. Wewe ulitaka nile. Nikaosha chapa, nikakanda upya, ndiyo maana mlingoja. Na ile ya buluu nikaifunga kwenye kitambaa, nikaila mwenyewe baada ya misa."

"Yote kumi na mmoja?"

"Ushahidi hauachwi nusu."

Daktari Nagwa, samahani. Najua. Ni mikate kumi na mmoja na mgonjwa ni wa kisukari. Tutaongea baadaye.

Kisha akasema jambo lililonileta hapa. "Iskandaria siendi na barua hii. Kasisi wa kule ataiuliza ofisini kwenu, na wewe utakwisha, una mama. Naitia tanurini. Nitarudi kufunga kama zamani. Na wewe ufunge mdomo." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayepanga mizigo: hiki naacha, hiki nachukua.

Ami Bakhum, kaa. Tafadhali kaa, bado sijamaliza. Najua nilikuahidi. Mshikeni tena mikono.

Mhashamu Baba Askofu, nilipofika nyumbani nilikumbuka lile fundisho langu la matundu. Ni fundisho zuri, Abuna alilisifu. Mkate unahitaji matundu. Lakini hakuna aliyewahi kushiba matundu! Tunashiba mkate, na mkate hatukuuoka sisi. Nilimwona mtu aliyeshika sheria maisha yake yote akiwa tayari kuishika tena mpaka imuue, safari hii si kwa ajili ya wokovu wake, bali kwa ajili ya kazi yangu. Sheria haikumwagiza hivyo. Sijui neno jingine la kuita jambo hilo isipokuwa neema, na imetoka kwa mtu aliyemrudisha Bi Galila kwa ajili ya tone la maji.

Nimetenda kosa, na uliporudi kutoka jangwani niliogopa kukuambia. Sitalitetea. Ninayo hapa barua nyingine, maneno ni yale yale, ila nimepunguza "kula" moja. Chini nimeacha nafasi ya sahihi yako. Naomba unifukuze mimi, na umfungue yeye. Kama vitu vyote viwili haviwezekani kwa siku moja, naomba uanze na yeye, maana anasafiri Jumamosi.

Nimemaliza ukurasa.

Baba Askofu ananiita. Samahanini, naomba mningojee.

Nimerudi. Asanteni kwa kunyamaza, ingawa nimewasikia mkinong'ona. Baba Askofu ameweka sahihi. Tena amechukua karatasi nyingine akaandika kwa mkono wake, na ameniamuru nisome kwa sauti:

"Kwa karani Karas, kanuni ya toba. Kwa siku arobaini tangu Ami Bakhum aondoke, utaoka wewe mkate wa Bethlehemu, umefunga, ukiimba zaburi bila kuruka. Saa mbili utakuwa ofisini kama kawaida. Ufunguo wa droo utanirudishia. Chapa ioshwe kwa maji ya moto. Leo ule, umekonda."

Naam, Ami? Ami Bakhum anasema ataahirisha safari mpaka Jumatano anifundishe kukanda, kwa sababu hawezi kuiachia Kom Ghali mkate wa karani. Anasema matundu ni matano. Ndiyo, Ami. Mawili kushoto, matatu kulia. Na Bi Galila anasema kila alfajiri atapita pale mlangoni na ndoo yake, kuniuliza swali moja.

Kanuni nimeipokea. Ni sheria, na ni mara ya kwanza maishani nimepewa sheria nikatamani kuibusu.

Kwako Baba Askofu, kwako Abuna niliyekuficha ukurasa, na kwenu nyote mlionisikiliza mpaka ukurasa wa nne, natoa shukrani zangu zote. Meza iko tayari, na siku hizi hakuna mfungo. Ami Bakhum, tangulia wewe. Sahihi imeshakauka.